Sufuria ya Mdhamini Msibani

Chupa mnaishika vibaya.

Nasema na nyinyi wanangu, vijana wa Quakers Hill, Seven Hills na hapa kwetu St Marys, mnaojirekodi kwa simu mkituuzia vitu. Juzi Rahma, mjukuu wa dada yangu, alinionyesha video yake akijipaka mafuta ya nywele aliyopewa bure na duka moja. Dakika mbili nzima anajizungusha, anacheka na ukuta, anasema "guys, guys", na chupa kaifumbata kiganjani kama mtu aliyetoka kwa mganga na hataki jirani ajue. Nikamuuliza, "Mafuta yenyewe yanaitwaje?" Akasema, "It's in the caption, Aunty." Nikamwambia, mwanangu, aliyekupa mafuta hakukupa ili mimi nitafute miwani. Chupa inashikwa shingoni kwa vidole vitatu, gumba linakaa nyuma, jina linatazama mbele, na kiwiko unakibana ubavuni ili mkono usitetemeke. Akanitazama juu mpaka chini. "How do you even know that?"

Basi hiyo ndiyo sababu ya maandishi haya. Najua Kiswahili mnakisikia vizuri, ila mkijibu mnajibu kwa Kiingereza. Safari hii hamna haja ya kujibu.

Mimi Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, nimefanya kazi miaka kumi na minne katika ghala moja la Seven Hills, kule kwenye karakana na viwanda vya madirisha, ambako ukishuka treni unatembea mpaka unajuta. Ghala lile linakodisha vyombo vya kuigizia: vitanda, majeneza, simu za kizamani, mikate ya plastiki. Niliingia kama mfagiaji. Nikatoka nikiwa fundi wa kupanga bidhaa za wadhamini ndani ya tamthilia za Kikorea.

Msicheke, ni kazi. Wakorea walikuwa wakija Sydney kupiga vipande vya tamthilia zao, kwa sababu binti wa hadithi akivunjwa moyo, kulia nyumbani kwao hakutoshi, lazima apande ndege akalie nchi za watu. Sisi tulimpangia nyumba ya kulilia. Na kwa kuwa kuna kampuni iliyotoa fedha tamthilia itengenezwe, binti hawezi kulia hivi hivi. Atalia akiwa ameshika kahawa ya mdhamini, machozi yatafutwa kwa karatasi laini za mdhamini, na mama yake akimpigia simu kutoka Seoul, tutaiona ile simu mbele, ubavuni na ikiwa inachajiwa. Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakujua kwamba iko siku kibaya kitalipiwa nauli ya ndege mpaka Australia.

Mwenye ghala alikuwa Bwana Han, Mkorea aliyekuja hapa akiwa kijana, mtu wa kazi, mwembamba, mwenye kalamu mbili sikioni na hana muda wa kuandika. Yeye ndiye aliyenifundisha. Bidhaa ya mdhamini mimi niliipa jina la mheshimiwa, kwa jinsi ilivyokuwa ikinyenyekewa, na baada ya muda hata Bwana Han akalichukua jina hilo. Ilikuwa raha kumsikia asubuhi akipaza sauti kwenye ghala zima, "Mwanaidi! Mheshimiwa okay?"

Mheshimiwa alikuwa na adabu zake. Mheshimiwa hapewi mgongo, hapigwi na jua usoni, na hakai meza moja na mpinzani wake. Kama mdhamini anauza friji, basi hata jiko la chumba cha pili tunalibandua nembo. Jambo lingine, mheshimiwa hatumiwi na mtu mbaya. Hakuna kampuni inayotaka muuaji anywe soda yake. Kwa hiyo mkitazama tamthilia na mnataka kujua nani kaua, msihangaike na ushahidi. Yule anayekunywa maji ya bomba ndiye.

Mambo haya sikuzaliwa nayo. Kosa langu la kwanza nililifanya kwa malezi mema kabisa. Mdhamini alikuwa wa makochi. Nikaambiwa nipange sebule ya familia yenye uwezo, nami nikaipanga kama ambavyo mama yangu angeipanga: kochi lilikaa na nailoni yake, na karatasi ya dukani inaning'inia kwenye mkono wake. Bwana Han alipoingia alisimama mlangoni.

"Mwanaidi, why is it still wrapped?"

"Ni jipya," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule. "Nikitoa nailoni, watu watajuaje kuwa ni jipya?"

Akaniambia kwamba binti wa hadithi anatakiwa ajitupe pale na kulia. Nikasema ajitupe, machozi hayataingia kwenye kitambaa. Tukajaribu. Binti akajitupa, nailoni ikalia kwacha kwacha kwacha, na fundi wa sauti akavua vifaa vyake masikioni kama aliyepigwa kofi. Nailoni ikatolewa. Sikupenda, lakini ikatolewa.

La pili lilikuwa la ile mashine ya duara inayofagia yenyewe. Mdhamini kaileta mpya, inang'aa, nami nikaiona imekaa uchi katikati ya sebule. Nikaivalisha kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, cheupe, chenye maua pembeni, maana kwetu kitu cha thamani hakiachwi kikapigwa vumbi. Kamera zikawaka, mashine ikaondoka na kitambaa chake, ikatembea polepole sebuleni kama bi harusi anayetafuta mlango. Mwongozaji alicheka mpaka akaketi chini. Mwenye kampuni hakucheka hata kidogo.

Baada ya hapo nikajifunza. Nikajua kwamba kikombe cha kahawa kisiachwe kitupu, kitie maji, la sivyo mwigizaji atakipeperusha kama unyoya na kila mtu atajua anadanganya. Nikajua jasho la chupa baridi si jasho. Ni maji na gliserini, unanyunyiza kidogo, linakaa saa nzima bila kuteremka. Mvuke wa chakula nao haukai, kwa hiyo unalowesha pamba, unaipasha kwenye maikrowevu mpaka inafuka, unaificha nyuma ya bakuli. Tambi zinavimba, basi unachemsha bakuli sita kwa zamu ili mwigizaji ale bakuli moja. Mkiona kuku anang'aa kwenye tivi mkameza mate, jueni kapakwa mafuta kwa brashi mara nne, na yuko baridi kama bomba la huku Sydney mwezi Juni.

Nilijifunza pia kunyamaza. Nimeshuhudia kijana wa hadithi kachomwa kisu, yuko chini, damu imefika kwenye zulia la kukodi, na mpenzi wake badala ya kuita gari la wagonjwa anafungua kijipakiti cha mizizi ya kuongeza nguvu, anamnywesha taratibu, jina limetazama mbele. Kijana anafumbua macho, anasema anajisikia vizuri zaidi. Bwana Han aliniambia, "Don't look at me like that." Sikuwa nimesema neno.

Haya yote ni mzaha, na mzaha nimeuweka mbele makusudi, maana ninalotaka kuwaambia lina uchungu kidogo.

Miaka yote ile nilikuwa kibarua. Asubuhi unangoja ujumbe kwenye simu: njoo, au kimya. Kibarua hana likizo. Mama yangu alikuwa hai kule Tanga, macho yameanza kufifia, na kila akinipigia hakuulizia afya wala fedha, aliuliza neno moja tu, "Lini?" Nami kila mara nilisema karibuni. Kwenda Tanga kukaa naye miezi miwili maana yake ni kurudi na kukuta nafasi yangu ina mtu. Nikamweleza Bwana Han. Akaniambia kuna tamthilia kubwa inakuja, mdhamini wake ni mkubwa, nikiivusha salama ataniajiri moja kwa moja, na likizo yenye malipo juu. Nilimpigia mama siku ileile. Kwa mara ya kwanza nilimtajia mwezi.

Mheshimiwa wa tamthilia hiyo alikuwa sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nyekundu, kifuniko cha kioo, vitufe kama chombo cha kwenda mwezini. Kampuni ilimtuma dada mmoja, Dada Choi, msichana nadhifu anayetembea na saa ya kuhesabia sekunde. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha sufuria inaonekana kwa muda uliokubaliwa. Alikuwa na adabu, ananiinamia kila asubuhi, halafu anaiinamia sufuria zaidi.

Hadithi ilikuwa hivi. Mama wa Kikorea anaishi peke yake Sydney. Mwanawe amekufa ajalini. Wametoka kuzika, mama karudi nyumbani, majirani wa kila rangi wanakuja kumpa pole. Hapo yule mama anainuka, anakwenda kwenye sufuria ya mdhamini, anafungua kifuniko, mvuke unapanda, anawapakulia majirani na kusema, "Hata siku ya huzuni, wali hutoka laini."

Nilipotafsiriwa hadithi hiyo nilimuuliza Bwana Han, "Aliyefiwa ndiye anayepika?"

"The pot is cooking," akasema. "She only opens it."

Nikakumbuka nilichojifunza, nikanyamaza. Akaniagiza nimtafutie wanawake wanne wa Kiafrika wawe majirani. Nikampigia Mama Esperanse wa Quakers Hill, Mrundi, mtu wa kwaya, aliyefika Australia kupitia kambi za Kigoma na sasa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

"Ni mchezo wa tivi, Ijumaa hii," nikamwambia. "Kuna mama amefiwa na mwanawe. Nyinyi ni majirani. Mnaingia, mnakaa, mnampa pole, mnakula kidogo, basi."

"Huyo mtoto yake alikuwa na miaka ngapi?"

"Sijui. Ishirini na kitu. Ni mchezo, Mama Esperanse."

"Ayi, Bwana! Ishirini! Na huyo mama yuko na nani hapa Australia?"

"Hana mtu. Ni mchezo."

"Nimesikia, ni mchezo. Friday niko na morning shift, nitafanya swap na mtu. Lakini wenzangu wako na afternoon, saa saba na nusu lazima tuondoke. Supervisor hapendi michezo."

Ijumaa wakafika, wanne, wamejifunga vitenge vya kilioni, na kila mmoja kakumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Gari lao lote linanukia sombe, ndiyo kisamvu chetu, na maharage na samaki. Nikasema jamani, chakula kipo, kitapikwa humo ndani. Mama Esperanse akanitazama kama niliyemtukania mzazi.

"Donc tuingie kwenye kilio mikono mitupu? Mchezo ni wa tivi, dada, lakini aibu ni ya kweli."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, si lao. Fundi wa kupanga bidhaa angezirudisha sufuria zile garini bila kusita. Mheshimiwa hakai na wapinzani. Lakini mimi ni mtu wa Tanga. Mtu kaja msibani na chakula, nimrudishe mlangoni? Ulimi ulikataa. Nikawaambia waziweke ukumbini, nje ya kamera, na wasiziguse mpaka tumalize. Wakaitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, ndiyo," na mimi kwa umri wangu ule nikaamini.

Mwigizaji wa yule mama aliitwa Bibi Yun. Mzee wa miaka sabini na zaidi, mdogo wa umbo, mpole, asiyemsumbua mtu. Kamera zikaanza. Ameketi sakafuni, kichwa chini. Wanawake wanaingia. Walitakiwa wakae. Mama Esperanse hakukaa. Alianzisha wimbo wa maombolezo, chini chini, wenzake wakaupokea. Mwongozaji akainua kidole: waacheni. Bibi Yun, kama ilivyoandikwa, akainuka kwenda kwa mheshimiwa.

Sasa jiwekeni mahali pa Mama Esperanse. Anamwona mfiwa, mama aliyetoka kuzika leo, anakwenda jikoni. Alivuka sebule kwa hatua tatu, akamshika mkono.

"Unaenda wapi, mama? Kaa chini. Mfiwa hapiki."

Akamkalisha. Akavua kitenge cha mabegani, akamfunika nacho. Wa pili alishatoka ukumbini na sufuria ya sombe, na kwa kuwa meza ilikuwa na mheshimiwa, alimwinua mheshimiwa kwa mikono miwili, akamweka chini mlangoni, kwenye viatu. Wa tatu akapakua. Wa nne akaweka mkoba wake juu ya mheshimiwa. Bibi Yun hakuelewa hata neno moja. Aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa yule mwanamke, kisha akalia. Waigizaji nimewaona wakilia, nimewapaka mimi mwenyewe dawa ya kuwasha chini ya macho. Hiki kilikuwa kilio kingine, cha kamasi na mabega, na Mama Esperanse anamfuta kwa upindo wa kitenge, anamwambia, "Lia, mama, lia, tupo."

Mwongozaji hakusema kata. Nami nilikuwa nalia nyuma ya pazia, wanangu, sioni haya kusema. Aliyekuwa halii alikuwa Dada Choi. Saa yake ilisoma sekunde tatu, mbili kati ya hizo mheshimiwa akiwa amegeuziwa kamera mgongo.

"Where is the product?" akauliza ilipokwisha. Tukamwonyesha kwenye viatu. Akaenda kumtoa chini ya mkoba, akamfuta kwa kiganja chake. Nilimwonea huruma kidogo, maana naye alikuwa na bosi.

Bwana Han akaninong'oneza sikioni, "What have your women done to me?" Akataka warudie. Saa ilikuwa saba na nusu. Mama Esperanse akasema kwa upole kwamba wazee wanangoja kuogeshwa, na wazee wale si wa mchezo. Wakamkumbatia Bibi Yun mmoja mmoja, wakaacha chakula chote, wakaniachia na agizo, "Sufuria zetu utaturudishia Sunday." Bibi Yun alikula sahani mbili za sombe. Alipomaliza alimwomba Bwana Han aniulize yule mama mkubwa alimwambia nini. Nikaeleza. Akasema mumewe alipofariki, yeye ndiye aliyewahudumia wageni siku tatu, na hakuna aliyemwambia akae.

Mwongozaji aliigomea sufuria. Akasema kipande kile hakikatwi. Ili kuitafutia kampuni sekunde zake, nilikaa ghalani siku nzima nikaipiga picha sufuria peke yake na mvuke wa pamba, ikaja kupachikwa mbele na nyuma. Mambo ya ajira yangu Bwana Han aliyajibu kwa neno moja, "Later." Mama akipiga simu, sikutaja mwezi tena.

Kisha tamthilia ikaonyeshwa, na watu wakalia. Walilia Korea, walilia huku, wengine waliuliza kile chakula cha kijani ni nini. Kumbe mama aliyekalishwa chini alikuwa ni mama wa kila mtu. Kampuni ikaona. Kiswahili kina neno kavu kwa hali hii: kufa kufaana.

Bwana Han alikuja kwangu asubuhi anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimelizoea. Akaweka mezani mkataba wangu wa ajira ya kudumu, keshautia sahihi yake, na moja ya zile kalamu mbili juu yake. Kampuni inataka tangazo, akasema. Bibi Yun kakubali. Inawataka wanawake walewale wanne, vitenge vilevile, waingie kila mmoja na sufuria nyekundu ya kampuni mkononi, na yule mkubwa aseme maneno yake, yamebadilishwa kidogo tu.

"Yamebadilishwaje?"

Akasoma kwenye karatasi. Kaa chini, mama, sufuria itapika.

"You just call them," akasema. "Then you sign."

Nataka mjue kwamba niliipiga ile simu. Msije mkanifanya mtu bora kuliko nilivyo. Nilifikiria macho ya mama yangu, nikabonyeza. Mama Esperanse akapokea akiwa kazini, nyuma yake kuna mzee anaita "nurse, nurse". Nikamweleza.

"Huyo mama amefiwa na mwingine?" akauliza.

"Hapana. Safari hii ni tangazo. Mnaingia na sufuria za kampuni."

"Ziko na chakula ndani?"

"Tupu. Chakula kinachafua kioo."

Akamwambia yule mzee anakuja, akanirudia. "Dada Mwanaidi, ile siku tulimlilia yule mama. Sasa tuje tumlilie nani? Sufuria?"

Yeye hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayemshusha mgonjwa kitandani, "Lakini sema tu. Ni kwa job yako? You need us, tutakuja. Wote wanne. Hatutakuuliza kitu."

Mkataba ulikuwa mbele yangu. Bwana Han alikuwa amesimama, ananisoma uso. Wangekuja, wanangu. Wangebeba zile sufuria tupu, wangesema maneno yale mbele ya yule mzee, kwa ajili yangu, na Jumapili wangenisalimia kama kawaida.

"Hapana, mama," nikasema. "Endelea na kazi yako. Nilikuwa naulizia tu."

Nikamwambia Bwana Han hawapatikani. Hakuelewa shida iko wapi. "So call others," akasema. "Blacktown is full of Africans." Nikamwambia awapigie yeye. Akautazama mkataba, akautazama uso wangu, akaukunja mara mbili, akautia mfukoni. Hakunifukuza wala hakunipandishia sauti. Aliendelea kuniita asubuhi kwa ujumbe kama kibarua mwingine yeyote, mpaka magoti yangu yalipogoma kupanda ngazi za ghala, ndipo nikastaafu. Siku ile ya mkataba nililia kwenye treni kutoka Seven Hills mpaka St Marys, na sikuwa nalia kwa ushujaa. Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe, kwa kuchezea bahati.

Tanga sikwenda mwaka ule. Nilikwenda uliofuata, wiki tatu, bila malipo. Mama alinitambua kwa sauti. Sura aliishika kwa vidole, akazunguka zunguka puani na mashavuni, akasema nimekonda. Nilikuwa nimenenepa. Mkiniuliza kama nilifanya vyema, siku nyingine nasema ndiyo, siku nyingine nasema yule mzee wa Kikorea hakuwa mama yangu na mama yangu alikuwa akingoja. Sina jibu moja, na anayewaambia ana jibu moja, mwangalieni mkononi kashika bidhaa gani.

Wanawake wengine walipatikana. Bwana Han alisema kweli, tuko wengi. Tangazo likatoka, na mimi nikalitazama mara tatu kwa jicho la kazi, nikitafuta kosa. Wanawake wanne nisiowajua wanaingia kwa hatua sawa, vitenge vipya, sufuria nyekundu nne zimenyooka, taa safi, mvuke umetulia. Aliyepewa maneno anayasema vizuri, kwa Kiswahili, kila neno linasikika. Bibi Yun ameketi sakafuni palepale. Ameinua uso, na mkono wake wa kulia ameusogeza mbele kidogo, anangoja. Hakuna aliyeushika. Mikono yote ilikuwa na sufuria.